Siku Atakaposema "Ile Nyumba"

Nakumbuka hodi moja, mwanangu. Maishani nimesikia hodi nyingi, za wachumba, za wazee wa kanisa, za watoto walioagizwa chumvi, lakini ile iliyobishwa mtaani Lumemo miaka ya tisini, mchana kweupe, na mama mmoja aliyebeba kuku kwapani, ndiyo inayonirudia. Kila ikinirudia navua kofia, hata nikiwa peke yangu.

Umeniuliza juzi, ukiwa na simu yako iliyojaa picha za nyumba, mimi nazipataje nyumba kabla hazijatangazwa. Ukasema watu wa hapa Ifakara wananisema hivi: "Mzee Fidelis anajua nyumba inauzwa kabla mwenyewe hajajua." Nilicheka, maana sifa naipenda, uzee haujanitoa hapo. Lakini nilipobaki peke yangu sikucheka tena. Wakati mmoja niliwahi kuuza nyumba kabla mwenyewe hajajua, kweli kabisa, na si jambo la kusifiwa. Kaa nikusimulie. Chai ikipoa tutaipasha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, dalali mchanga, shati moja la maana na baiskeli moja isiyo ya maana. Siku hizo mtu akitaka kuuza nyumba alichukua chaki akaandika ukutani, NYUMBA INAUZWA, basi. Kabla ya jua kuzama madalali tulikuwa tumejaa uani kwake kuliko kuku. Wenzangu walikuwa na sauti kubwa na miguu myepesi, mimi nilifika wa nne au wa tano, wakati mnunuzi ameshashikwa mkono na mwingine. Nikawa nawaza, ningeijua nyumba kabla ya chaki, hata siku mbili tu, ningekuwa mtu. Wewe nawe unawaza hivyo hivyo, nakuona.

Baiskeli yangu ilipata pancha kila wiki, na pancha hizo ndizo zilizonipeleka kwa Mzee Gaudensi. Huyu alikuwa fundi baiskeli, Mpogoro mfupi mwenye sauti ya chini, kibanda chake kikiwa kando ya barabara iendayo kivukoni. Miaka mingi alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, akisuluhisha ugomvi wa kuku na wa wake, na kushuhudia watu wakiuziana viwanja. Ujumbe ulikwisha, akabaki na pampu, karai la maji na kopo la solusheni, gundi ya viraka. Nilipokuwa sina kazi, yaani karibu kila siku, nilikaa pale nikimshikia gurudumu.

Siku moja alikuja mwalimu mmoja na pancha yake. Mzee Gaudensi alimuuliza huku mkono uko ndani ya karai, "Mwalimu, nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Ile nyumba tu, inavuja."

Akalipa, akaondoka. Mzee Gaudensi akafuta mikono taratibu, akasema, "Huyu anahama."

Nikamwambia, "Mzee, amesema inavuja tu."

"Mwezi uliopita alisema, 'Kwangu panavuja.' Leo amesema 'ile nyumba'."

Nilimcheka kimoyomoyo. Wiki tatu baadaye nikapita kwa yule mwalimu, nikakuta chaki ukutani, na madalali wenzangu wameshajaa uani. Nikasukuma baiskeli hadi kibandani, nikasahau hata kuipanda.

Ndipo akanifundisha. Mtu mwenye kwake, alisema, hasemi nyumba. Anasema kwangu: naenda kwangu, kwangu kuna mgeni, njoo kwangu. Neno nyumba ni la fundi na la dalali. Siku moyo wa mtu ukishatoka mle ndani, ulimi unaufuata, na yeye mwenyewe hana habari. Anaanza kusema "ile nyumba", anaisema kwa mbali hata kama amesimama mlangoni pake. Miguu inafuata baadaye, na chaki ni ya mwisho kabisa. "Ni kama tyubu," aliniambia. "Ukiitazama huoni kitu. Itie majini, povu litakuonyesha."

Mwanangu, kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu aliyefunguliwa masikio. Nilisimama kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, nilikaa kivukoni na wanaosubiri kuvuka kwenda upande wa Mahenge, sina safari, nasikiliza tu. Wahenga walisema sikio halilali na njaa, na langu lilishiba. Mama mmoja akasema "ile nyumba" akiwa anapepeta chenga za mchele, na kabla ya Pasaka akahamia kwa wanawe. Bwana mmoja mlevi, ambaye kila mtu alisema atauza tu, alisema "kwangu" hata akiwa amelala mtaroni, na mpaka leo wajukuu zake wanakaa pale. Mji mzima ulikuwa unapita ukiongea, na mimi nilitembea ndani yake kwa woga kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho hakustahili kukiona.

Lakini Mzee Gaudensi alikuwa ameongeza jambo ambalo mimi niliona halina faida. "Ukilisikia neno hilo, nyamaza. Ngoja mwenyewe aje."

"Na asipokuja kwangu?"

"Atakwenda kwa mwingine."

"Sasa nimejua mapema ya nini?"

Akaendelea kupaka solusheni. Nilidhani hana jibu.

Ndipo nilipokutana na Masalu. Huyu alikuwa Msukuma, miongoni mwa wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka upande wa Ziwa, na kambi yake ilikuwa ndanindani, kupita kijiji cha Mbingu. Mrefu, mpole, na akiongea na mtu mkubwa aliinama mpaka unaona kisogo. Mkewe Minza alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia masika, barabara ikiwa tope na hospitali iko mbali. Masalu alitaka nyumba mjini kabla mvua kubwa hazijafunga njia. Hakuwa na maneno mengi. "Nataka mke wangu asikie kengele ya hospitali," aliniambia. "Nyingine nitaona mbele."

Nikamwahidi. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini ahadi zangu zilikuwa za ofisi kubwa. Wiki zikapita sina nyumba, na mawingu yanazidi kukaa juu ya milima.

Basi asubuhi moja Mzee Gaudensi alikuwa amekwenda mazikoni, mimi nimeshika pampu. Akaja kijana mmoja, Oswini, aliyekuwa akifanya kazi mbali, amekuja likizo na baiskeli ya kuazima. Nilimjua kwa jina. Mama yake, Mama Kresensia, mjane, alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma pale Lumemo. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za kwao.

"Aa, ile nyumba imekaa tu," akasema. "Mama yuko Mofu, shambani. Safari hii nataka akimaliza kuvuna aende akapumzike kwa dada. Amechoka kuishi peke yake."

Ile nyumba. Nikamwambia nina mnunuzi, mtu mwaminifu, ana shida ya haraka. Tukakubaliana palepale, pampu ikiwa mkononi: mnunuzi ahamie kwanza kwa sababu ya hali ya mkewe, na Mama Kresensia akirudi kutoka Mofu tutakwenda ofisi ya mtaa, atatia dole gumba kwenye karatasi, ndipo malipo yafanyike. Oswini alilitaja dole gumba kama mtu anayetaja kufunga mlango.

Kulikuwa na swali la kumuuliza. Mama amekubali? Lilinijia hadi kwenye meno, nikaling'ata. Niliogopa jibu, mwanangu. Mtu akiogopa jibu ameshalijua.

Nikamwita Masalu, tukaenda kufungua nyumba, ufunguo ulikuwa kwa jirani. Sasa wewe umezaliwa siku za karibuni, lakini unajua wazazi wetu walivyokuwa. Mvua za kwanza zikinyesha, mtu alifunga nyumba ya mjini akaenda kuishi shambani, juu ya dungu, akifukuza ndege na ngedere hadi mpunga uingie guniani. Nyumba kukaa miezi mitano bila mtu si ajabu katika bonde hili. Ajabu ni kile Mama Kresensia alichoacha ndani. Sebuleni palikuwa na kinu, kimegeuzwa chini juu kisiingie vumbi, na mchi umelazwa pembeni. Mkeka wa ukindu umekunjwa na kufungwa kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Chumvi ilikuwa kwenye kopo, juu yake kipande cha kitambaa. Anayehama haachi kinu, na asiyekusudia kurudi hafuniki chumvi. Kila kitu mle ndani kilisema kwangu, kwangu, kwangu. Mimi niliyejidai nimefunguliwa masikio nilikivuka kinu hicho kama kinanizuia njia.

Masalu alisimama nje, hakuingia. "Mwenye nyumba amesema?" akaniuliza.

"Amesema," nikajibu.

Neno moja tu. Wakahamia siku mbili baadaye, na mvua ikaja nyuma yao.

Nisikufiche, nilikuwa na furaha. Nilipita mbele ya madalali wenzangu nikipiga kengele ya baiskeli bila sababu. Nyumba ya matofali, Lumemo, bila chaki, bila mtu kunusa. Mzee Gaudensi alipouliza kama ninapata riziki nikamjibu kwa kujizungusha. Minza akajifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, wakarudi naye nyumbani, na Masalu akaniita kunywa uji wa maziwa. Mtoto alikuwa na siku sita.

Tulikuwa sebuleni, mimi na Masalu, mabakuli mkononi, na Minza chumbani na mtoto. Mlango uko wazi, wameweka pazia jipya. Nje manyunyu yameanza. Tukasikia, "Hodi."

Minza akajibu kutoka chumbani, "Karibu."

Pazia halikusogea. Chini yake niliona miguu miwili, imepasuka visigino, ina tope kavu la shambani hadi kwenye vifundo. Ilikuwa imesimama juu ya ngazi ya sementi, kidole gumba kimekaa sawasawa kwenye ufa mdogo wa ngazi ile, kama mguu unaoujua ufa huo tangu zamani.

"Hodi," tena.

"Karibu ndani," Masalu akasema.

"Hodi."

Ilikuwa ya tatu. Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. Masalu akasogeza pazia, na pale akasimama mama mtu mzima, mzigo kichwani, kuku kwapani, anatutazama mmoja mmoja. Kisha akatazama pale kinu kilipokuwa. Kilikuwa kimesogezwa ukutani, juu yake wameweka taa.

"Shikamoo, mama," Masalu alisema, ameinama.

"Marahaba, baba."

"Unamtafuta nani, mama?"

"Simtafuti mtu. Natoka shamba. Hapa ni kwangu."

Sijawahi, kabla wala baada, kusikia neno likikaa mahali pake namna ile. Nimekuambia nilijifunza kulisikiliza neno hilo miezi mingi, kwenye mashine, kivukoni, kila mahali. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimelisikia bado. Uji ulinimwagikia suruali, wala sikuufuta.

Masalu hakupandisha sauti. "Fidelis. Nilikuuliza kama mwenye nyumba amesema."

"Mwanawe alisema," nikajibu.

"Mimi nilikuuliza mwenye nyumba."

Akaweka bakuli chini. Akamwita mkewe kwa Kisukuma, maneno mawili matatu, na Minza akatoka na mtoto amefunikwa khanga. Hawakuchukua kitu. Wakapita pembeni ya Mama Kresensia, wameinamisha vichwa, wakatoka hadi barabarani. Majirani walikuwa wameshatoka nje. Mtu huyu mwenye ng'ombe wengi kuliko watu wa mtaa ule alivua malapa yake ya matairi, akayaweka pembeni, akageuka kutazama mlango ambao nusu saa iliyopita aliuita wake. Mama Kresensia sasa alikuwa ndani ya kizingiti, na mzigo bado kichwani.

"Hodi, mayu," Masalu akasema. Mayu kwao ni mama.

Manyunyu yalikuwa yanaanza kuwa mvua. Mimi nilikuwa katikati, uani, sina upande.

"Hodi, mayu," akarudia. "Mwenye nyumba habishi hodi. Sisi ndio wa kubisha. Tumeingia bila kubisha, tusamehe."

Mama Kresensia alimtazama miguu mitupu. Kisha akamtazama Minza. "Mtoto huyo ana siku ngapi?"

"Sita, mayu," Minza akajibu.

"Nani aliyemtoa mzazi nje kwenye mvua?"

Jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu. Mama Kresensia akatua mzigo, akashuka ngazi, akampa Masalu yule kuku amshike, akapokea mtoto kutoka mikononi mwa Minza. Alimfunua uso kidogo, akamfunika tena. "Mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini," akasema. "Kuku huyo achinjwe, apate supu. Karibuni. Karibuni kwangu."

Mwanangu, nimekwenda kanisani tangu utoto, nimesikia kwaya zilizotoa watu machozi. Lakini utukufu niliuona Lumemo, kwenye ngazi yenye ufa, mama akitangulia kuingia nyumbani kwake na mtoto wa watu asiowajua. Nilisimama kwenye mvua nisiweze kuondoka. Nilikuwa naogopa, na sikuogopa kupigwa.

Mwishowe akanikumbuka. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia mama yangu.

"Mwambie mama yako nimemsalimu."

Hicho ndicho kiboko nilichopewa. Afadhali angenichapa. Nilizifikisha salamu hizo, ilibidi, na mama yangu akataka kujua tumeonana wapi, na ilibidi nimweleze. Sitakueleza alichosema mama yangu.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Gaudensi. Habari ilikuwa imemfikia, Ifakara ni mji mdogo. Hakunigombeza. Aliweka tyubu mbili ndani ya karai moja, zimepishana, akaniambia, "Niambie ipi imetoboka." Nikaona povu linapanda, nikashika ya juu. Akaitoa majini, akaijaza upepo, ikakaa imara haivuji popote. Iliyotoboka ilikuwa ya chini, povu lilikuwa limepita tu kando ya ile nzima.

"Povu uliliona vizuri," akasema. "Ila tyubu ya nani?"

Nikaigusa ile ya chini.

"Neno ulilisikia vizuri, Fidelis. Sikio lako ni zuri kuliko langu nilipokuwa na umri wako. Ila lilitoka kinywa cha nani? Oswini ameondoka pale siku nyingi, kwake ni ile nyumba, hakudanganya. Mama yake hajaondoka." Akazungusha tyubu polepole. "Nilikuambia ungoje mwenyewe aje, ukadhani nakufundisha uvivu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu lilivunjika mbele ya mtaa mzima. Kwa kutaka kutengeneza, nikachukua chaki, nikaenda Lumemo, nikaandika kwa herufi kubwa ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Nilijiona nimefanya la maana. Mama Kresensia akatoka, na kwa kuwa hakujua kusoma akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akasema, "Futa. Mtu haandiki kifuani kwamba anapumua." Akaniletea kitambaa na kopo la maji, nikafuta, na yeye amesimama pale hadi herufi ya mwisho.

Oswini naye alikuja, baada ya kuandikiwa barua. Nilikuwepo. Alitarajia kelele, sote tulitarajia. Mama yake alimfungulia pazia akamwambia, "Karibu kwangu, Oswini." Kijana alikaa mkekani kichwa chini mpaka chai ikaisha. Wapo waliosema mkataa kwao mtumwa, lakini mimi sikumsema. Alimpenda mama yake. Alisahau tu kumuuliza.

Arobaini ikaisha, na akina Masalu wakafunga mizigo. Mama Kresensia akauliza wanakwenda wapi na mvua haijaacha. Mvua ikaacha, akasema ngojeni mpunga ukobolewe. Mpunga ukakobolewa. Masalu akabadilisha mabati yaliyooza, Minza akajifunza kupika mboga za bonde, na mtoto wakamwita Mageni, kwa sababu alikulia penye wageni. Nani alikuwa mgeni wa nani, sijui. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mama yule alinenepa.

Mzee Gaudensi ndiye aliyenigutusha, mwaka mmoja baadaye, Mama Kresensia alipopita akatusalimu na kwenda zake. "Umemsikia?" akauliza. "Hakusema 'kwangu'. Amesema 'kwetu'." Mimi sikuwa nimesikia. Nilikuwa nahesabu spoki.

Miaka mitatu hivi ikapita. Asubuhi moja Mama Kresensia akaja kibandani, Mageni akimshika khanga, akakaa kwenye benchi. "Fidelis," akasema, "ile nyumba."

Mzee Gaudensi aliacha kupampu. Nami lile neno nililisikia kama zamani, lakini safari hii nilikuwa na akili kidogo. Nikamuuliza, "Mama, nyumba ipi?"

"Ile nyumba yetu."

"Mama, nenda ukalale. Ukiamka bado unaniambia hivyo, nitakuja."

Akacheka, akaniita mtoto mwoga, akaenda. Kesho yake akarudi, akasema vilevile, nikamrudisha. Siku ya tatu akakaa kwenye benchi akakataa kuondoka. Alitaka kumwuzia Masalu, nyumba iandikwe jina la Masalu, yeye abakiziwe chumba chake cha upande wa jua hadi Mungu atakapomchukua, na Oswini ameshakubali, amemwuliza yeye mwenyewe. "Nimekuja kwako," akasema, "kwa sababu wewe unajua nyumba hii inafunguliwa upande gani."

Hakuna dalali mwingine aliyejua. Hakukuwa na chaki. Tulikwenda ofisini, akatia dole gumba, na Masalu akatia saini yake ya kujifunza ukubwani, ulimi nje. Halafu tukarudi Lumemo, mimi nyuma na karatasi. Mama Kresensia akafika kwenye ngazi, mguu juu ya ule ufa, mbele ya pazia. Akasimama.

"Hodi," akasema.

Nilidhani tumemkosea tena, kwamba amejuta njiani. Kisha Mageni akachomoza kichwa chini ya pazia. "Bibi, kwako unabisha hodi?" Na sauti ya Minza ikatoka jikoni, bila hata kugeuka, "Mayu, mwenye nyumba habishi hodi. Ingia."

Mama Kresensia akakaa kwenye ngazi akacheka hadi akajifuta macho kwa khanga. Akanigeukia. "Usiogope," akasema. "Nilikuwa nasikiliza tu watajibu nini."

Ndipo nikajua, mwanangu, kwamba Mzee Gaudensi hakuwa peke yake. Yule mama naye alijua kusikiliza, tena kuliko sisi sote. Alikuwa ameiuza nyumba, na bado palikuwa kwake.

Basi ulichoniuliza nakujibu. Nyumba kabla hazijatangazwa zipo, na zinasema zenyewe, kila siku, kwenye foleni na kwenye simu yako hiyo. Fungua masikio. Ukisikia "ile nyumba", usikimbie. Kwanza tazama neno limetoka kinywani mwa nani, na uulize kile unachoogopa kuuliza, hasa hicho. Uingiapo ndani tazama kinu kilivyowekwa. Kisha nyamaza, ungoje mwenyewe aje, na akija mrudishe akalale. Zipo utakazozikosa, nami nilizikosa nyingi. Lakini mtu uliyemngoja atakuja kwako kabla ya chaki, na atamwambia mwenzake, na huyo mwenzake naye. Hivyo ndivyo nyumba zinavyonijia, hakuna uganga. Nilipomuuliza mzee nimejua mapema ya nini, hakunijibu. Jibu ndilo hili: ujue mapema ili uwahi kunyamaza.

Mungu akulinde na haraka iliyonipata mimi. Akupe pa kusema "kwangu", na akujalie wa kusema nao "kwetu". Na siku utakayosimama mlangoni pako umechoka, ukasahau ukabisha hodi, awepo ndani mtu wa kukucheka na kukuambia uingie.